Malimwengu na Mke wa Mwalimu

Mwalimu alipopanda treni aliniomba nimshtue tukifika kituo cha shule, maana hulala. Hakulala. Mama aliyeketi kando yake, mshonaji wa majoho ya kwaya, alimwuliza anafundisha nini. "Fizikia," akajibu. "Siku hizi nasoma habari za malimwengu mengi."

"Malimwengu?" Mama akaguna. "Hayo hata mimi yamenichosha, baba."

Nikacheka kimoyomoyo. Mwalimu hakucheka. Akaeleza kwamba wapo wataalamu wanaodhani ulimwengu huu hauko peke yake, huenda yapo mengine yanayofanana nao, bila mwisho. "Hakuna aliyethibitisha," akasema. "Ila huenda huko lile lori lilifunga breki, na mke wangu akafika nyumbani."

Mama akaacha kukunja joho lililokuwa mapajani. "Pole sana, baba. Wewe ni Mkristo?"

"Mzee wa kanisa."

"Basi niambie, huko nako Bwana alisulubiwa?"

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mama. Tumefundishwa kwamba alikufa mara moja tu."

Mama akamtazama kama anayempima mtu joho bila kumgusa. "Ya mbinguni siyajui. Lakini huyo aliyefika nyumbani alifunguliwa mlango na mumewe. Wako ni yule uliyemzika. Siku ya ufufuo, utamwita yupi?"

Treni ikasimama kituo cha shule. Milango ikafunguka. Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake, midomo ikimcheza kama anayejaribu kutamka jina. Sikumshtua.