Tripodi Nyepesi ya Kwenda Midia

Basi lilipotoka Arua kwenda Koboko, Sharifah alikuwa ameketi nyuma ya watu wawili wasiojuana: kijana mpiga picha, na mama mmoja muuza maharagwe wa soko la Inde. Kijana alikuwa amepakata tripodi mpya, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, kama mtoto mchanga.

"Mama, hii iko ya kaboni. Nyepesi sana, lakini bei yake iko juu."

"Hongera," mama akasema. "Mimi nikiuzia mutu gunia nyepesi, anaita polisi. Wewe unashukuru."

Sharifah alificha kicheko ndani ya shungi.

"Na upepo ikipiga, haianguki?" mama akauliza.

"Iko ndoano hapa chini. Unatundika mfuko ya mawe, inatulia."

"Yaani umenunua kitu nyepesi, halafu unabeba mawe. Kweli umesoma."

Kijana hakukasirika. Alieleza kwamba ile ya zamani ilitetemeka kila ngoma zilipopigwa, na katika harusi iliyopita bibi harusi alitokea kwenye video na nyuso mbili.

"Bwana harusi alichagua uso gani?"

Sasa Sharifah alicheka waziwazi.

"Kesho sitaki aibu," kijana akasema. "Iko harusi kule Midia, karibu na Koboko, ya binti ya mama moja anaitwa Sharifah. Hatujaonana, tunaongea kwa simu tu. Hii nitaijaribu kwake, mara ya kwanza."

"Maskini Sharifah," mama akasema.

Kicheko kilimkauka Sharifah mdomoni. Basi likasimama Koboko. Kijana alishuka na tripodi yake, akatoa simu, akapiga. Mkoba wa Sharifah ukaanza kulia, na mama wa maharagwe akageuka taratibu kumtazama.