Kleopatra, Utukufu wa Baba

Marehemu Kleopatra Tsiamitru alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Nausa, Makedonia, mtoto wa kwanza wa mzee Thrasivulos na mkewe Fani. Jina alilikuta likimngoja: lilikuwa la mama mzaa baba, na kwetu hilo halijadiliwi.

Alimaliza shule ya wasichana mwaka 1966. Wenzake walimtania, "Malkia, nyoka wako umemwacha wapi?" Mwalimu wao akawanyamazisha, akawaeleza kwamba mabinti wa wafalme wa Makedonia waliitwa hivyo zamani kabla jina halijafika Misri, na maana yake ni utukufu wa baba. Mzee alipoisikia maana hiyo alivimba kichwa. Kleopatra alikuwa amefaulu kwenda chuo cha ualimu Thesaloniki. Mzee akasema utukufu wake hauwezi kupanga chumba mjini. Kleopatra akaingizwa kwenye duka la vitambaa la familia, akazeekea humo.

Mwaka 1973 alichumbiwa na Stergios, dereva wa malori ya matunda ya pichi. Wiki ya harusi mzee alilala kitandani akilalamikia moyo, akauliza nani atamwangalia. Pete ikarudishwa. Moyo huo ulidunda miaka arobaini mingine. Kleopatra alilia dukani, nyuma ya pazia, na leo hatuna sababu ya kulificha hilo.

Tarehe 12 Juni 2011 alimsimamia ubatizo binti wa mpwa wake, Domna. Mzee alishaamuru mtoto aitwe Kleopatra, jina lisipotee. Lakini kwetu mtoto hana jina mpaka msimamizi alitamke kanisani. Padri alipouliza, Kleopatra alimtazama mtoto. Mzee akagonga mkongojo sakafuni.

"Sema, binti. Si unalijua?"

"Mirto," akasema.

Padri akauliza tena.

"Mirto, padri. Ni jina la kichaka tu. Hana wa kumtukuza."

Mzee alinuna mpaka alipofariki mwaka 2014, ila kumwita usiku kucha amhudumie hakuacha.

Kleopatra aliugua saratani ya kongosho tangu Novemba, akafariki nyumbani tarehe 2 Februari 2019. Ameacha mdogo wake Fotis, mpwa wake Domna, na Mirto, anayesoma darasa la pili.

Domna aliomba shangazi yake apewe kaburi la peke yake. Makaburi yamejaa, kwa hiyo analazwa katika la familia, kando ya baba yake.

Apumzike kwa amani, na mzee amwache apumzike.