Mwalimu Asiyetazamwa

Rut wa Ikombe hakuwa na kibao cha kuandikia, hakuwa na nguo ya pili, wala mwalimu aliyeruhusiwa kumtazama. Niliyasikia hayo mwaka 1912 katika mtumbwi wa kwenda Matema, nimebanwa na vyungu vya mama yake, Angetile.

"Likizo hii watoto wote wanasoma Kijerumani na hesabu kwa Mwalimu Nsajigwa," alimwambia mvuvi Yotamu, aliyekutana naye humo humo. "Wangu tu yuko nyumbani! Amechumbiwa na mwana wa mwalimu, na kwa mila yetu baba mkwe hatazamwi, naye hamtazami mkwewe."

"Akae nje, nyuma ya ukuta wa mianzi. Hesabu husikika, mama."

"Akikosea, akaripiwe kupitia ukutani?"

"Basi rudisheni ng'ombe wa mahari, aolewe na mvuvi."

"Anuke samaki? Thubutu!"

Nilicheka, nikaponzwa na kalamu iliyochomoza mfukoni mwangu. Angetile aliniamuru niandike: "Mwalimu, Jumatatu Rut ataketi nje. Uliza kwa sauti, usichungulie."

Tulipogusa mchanga, Yotamu alikuwa bado anabisha: na maandishi yatasahihishwaje? Angetile aliibandika barua kwa utomvu wa mgomba, akamkabidhi Yotamu.

"Kamuulize Mwalimu mwenyewe. Ndaga, baba, asante kwa kuipeleka."