Aliyehesabu Samaki wa Tawimto

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye kazini mlimwita Mama Rula kwa sababu rula haikutoka mkobani mwake.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha treni, kisha sekondari na chuo cha uvuvi, alikohitimu mwaka 1988 na kuajiriwa idara ya samaki, chumba namba sita. Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Mto mkuu ulipozibwa kwa mabwawa, dada ndiye aliyegundua kwamba samaki waliopanda kutaga mayai waligeukia tawimto pekee lililobaki bila ukuta, akawahesabu kwa miaka kumi na tisa, na hilo likamponza, kwani mwaka 2019 ulipoletwa mpango wa kuliziba nalo, alitakiwa aandike kwamba hakuna samaki anayepita. Mkuu wake alimwambia, "Mama, weka saini tu, mambo yaishe," naye akamjibu, "Yaishe kwa nani?"

Kamati iliyoupitia mpango huo ilimpa siku tano awaonyeshe samaki hao, na siku nne maji yalipita matupu, wajumbe wakaanza kufungasha, dada hakutia kitu kinywani, lakini asubuhi ya tano, tarehe 3 Aprili 2021, baada ya mvua kunyesha mlimani, kambare walipanda kwa mamia, migongo ikigongana, hata mjumbe mmoja akavua viatu na kuingia majini kuhakikisha. Mpango ulisimamishwa, haukufutwa.

Januari mwaka huu figo zilimwelemea, akalazwa, na tarehe 2 Juni mkuu wake alimfuata wodini na karatasi ileile ya kusema hakuna samaki anayepita. Dada aliomba kalamu, sisi tukashika roho mkononi, akaandika, "Wanapita." Alifariki tarehe 5, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkuu wake aliyeketi hapa, ambaye angeweza kuichana karatasi ile, lakini jana aliiwasilisha kwenye kamati kama ilivyo. Kamati inaketi Jumatatu, nasi hatujui itaamua nini.

Dada, sehemu yako umeimaliza, sasa pumzika.