Nakuvua Jina la Mwepu

Nathanaël mwanangu, sogea, mpakate mdogo wako Miradie, mkae hapa kitandani mnisikilize, na leo usinijibu kwa Kiingereza, pumzi niliyobaki nayo si ya kuulizana mara mbili. Moyo uliolegea tangu nimzae Miradie madaktari wanaupasua kesho, na naogopa, sikufichi, lakini ninachokiogopa zaidi ni kile kisu nilichokitoa kwenye begi lako la shule.

Najua ulimkusudia Gires, mwana wa Fortunat. Najua na aliyekutia moto. Mjomba wako Norbert, kaka yangu, ndiye aliyekupa jina la babu yetu Mwepu ulipozaliwa, na kwetu mwenye jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe, ndiyo maana anakuita Babu, anakuachia kiti, na Jumapili ile nje ya ukumbi wa kanisa, hapa Barking, Uingereza, alipompasua Fortunat kichwa kwa kiti cha chuma, alikugeukia akasema, "Babu, nimekuanzia. Umalizie." Anamwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Haya, kama wewe ni Babu, sikia Babu alifanya nini.

Ni mwaka sitini, Kongo. Uhuru ulikuja Juni, watu wakacheza, na kabla vumbi halijatua askari wakawaasi maofisa wao wazungu, Katanga ikajitenga, na kule kwetu kaskazini, wengine wakitaka kujitenga na wengine wakikataa, jirani akawa anamuuliza jirani kadi ya chama. Norbert amekusimulia kwamba askari wa Katanga walifika kijijini, kwamba Kasongo, babu yake Fortunat, aliwaonyesha nyumba yetu kwa kidole, wakamtoa Mwepu, wakampiga risasi mlangoni, wakaichoma nyumba na mama yake mzee akiwa ndani anapiga kelele. Ni kweli. Bibi, mkewe Mwepu, aliona, ana mimba ya mama yangu.

Lakini hiyo ni nusu. Nusu nyingine Bibi aliwanyima wanaume, akanipa mimi jikoni. Kabla ya askari kuja, vijana wetu walimkamata mdogo wake Kasongo na kadi ya chama cha Katanga mfukoni, wakampiga kwa minyororo ya baiskeli mpaka uso hautambulikani, na aliyewagawia minyororo ni Mwepu, fundi wa baiskeli. Yule kijana alikuwa anamwita mama yake. Mwepu akasema, "Ongezeni." Mchimba shimo huingia mwenyewe, mwanangu, ila sisi tumelichimba na wao wamelichimba, na sasa mnataka kulishuka ninyi mliozaliwa Uingereza.

Nakuvua jina hilo. Kama mama anaruhusiwa kuvua jina, wazee watabishana, wabishane. Wewe ni Nathanaël tu. Norbert akikuita Babu usiitike, hata kwa utani, hata akilia, maana ukiitika umekubali. Mheshimu, ni mjomba wako, mpe chakula akija, lakini usikae kwenye kiti anachokuachia.

Mali sina. Nyumba ni ya halmashauri. Cherehani ni ya Miradie, na vitenge, wewe chukua simu yangu, ina sauti ya Bibi.

Sasa sikilizeni hili, na usinyanyuke. Nisipoamka, mtakaa kwa Fortunat. Nimeshasaini mbele ya mtu wa ustawi wa jamii. Fortunat alikuja hapa na nyuzi bado kichwani, nikamwambia yote, hata minyororo, nikangoja anitukane. Akasema, "Dada, na mimi nilisimuliwa nusu." Kisha akauliza Miradie anakunywa maziwa gani.

Utalala chumba kimoja na Gires. Mtakula sahani moja, na uliyekula naye humwagi damu yake, hilo hata Norbert hawezi kulipinga.

Nipe mkono. Wa Miradie pia. Mungu awafunike... awape usingizi, awape watu... Usilie, ngoja nimalize. Ukifika kwao ubishe hodi wewe mwenyewe. Gires atafungua. Mwambie... mwambie ulichokuwa umekibeba kwenye begi. Mwambie kabla hamjala.