Leland Kolarik, 1922–2004: Jambo Alilochelewa Kumwambia Mkewe

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni Lorna, mtoto wa pili wa marehemu. Wasifu huu una jambo msilolitarajia, na Mama ameniagiza nilisome bila kupunguza neno. Mkiona nasitasita, nivumilieni.

Marehemu Leland Kolarik alizaliwa tarehe 9 Machi 1922 shambani kwa wazazi wake, maili nne kutoka Wilber, Nebraska, akiwa mtoto wa tatu wa Anton na Rose Kolarik. Alianzia shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza sekondari mjini Wilber mwaka 1940. Hakuwa na akili za ajabu, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema. Alikuwa na mwandiko safi na subira.

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la anga, na Novemba 1943 akapelekwa Uingereza, kwenye kambi moja ya Suffolk iliyozama kwenye matope. Kila ndege ya mabomu ilibeba watu kumi, naye alikuwa mpiga bunduki wa ubavu wa kushoto. Maisha yale alitusimulia kwa vichekesho: banda la mabati lenye jiko moja na makaa ya wizi, na baiskeli zilizohamia kwa mwingine kila mwenyewe asiporudi. Hofu hakutusimulia. Tuliijulia kwenye mayai. Siku za kawaida walilishwa mayai ya unga. Asubuhi ya kwenda Ujerumani walikaangiwa mayai halisi. Basi harufu ya yai kwenye kikaango ilimfukuza jikoni hadi uzee wake, na sisi tulifuga kuku mia mbili. Nyumbani kwetu mayai yalichemshwa tu. La kukaanga nililionja kwa jirani.

Mbali na bunduki, alikuwa na kazi nyingine. Kule juu hewa haitoshi, kila mtu anapumua oksijeni kwa mpira, na unyevu wa pumzi ukiganda ndani ya mpira, mtu anasinzia na kufa bila kujua. Kwa hiyo kila baada ya dakika kumi Baba aliwaita wenzake kwa simu ya ndani ya ndege, mmoja mmoja, na kila mmoja alipaswa kujibu. Mkiani mwa ndege alikaa Merle Haugen wa Minnesota, rafiki yake wa kitanda cha jirani. Merle alikuwa mtu wa mizaha. "Nipo, mama mkwe, bado napumua," ndivyo alivyojibu. Baadaye akachoka hata kusema, akawa anabonyeza kitufe cha simu mara mbili tu, na Baba akamwachia. Kosa lilianzia hapo.

Tarehe 10 Februari 1944 simu ilikuwa ikikwaruza kwa baridi. Baba alimwita Merle, akasikia kama vile kitufe kimebonyezwa mara mbili, akapita kwa mwingine. Dakika kumi baadaye hakusikia kitu. Ilimpasa achomoe mpira wake, achukue chupa ndogo ya hewa na kutambaa hadi mkiani, na wakati huohuo ndege za Wajerumani zilikuwa zinakuja upande wa kushoto. Clyde Amundson, aliyekuwa ubavu wa kulia, alimwambia, "Nenda, Leland. Bunduki yako naishika mimi."

"Ngoja kidogo," Baba akamjibu. "Labda amejisahau tu."

Akaendelea kuing'ang'ania bunduki yake. Alipofika mkiani, Merle alikuwa amekufa, na ndani ya mpira mlikuwa na kipande cha barafu kikubwa kama kidole. Baba alimwandikia mama yake Merle kwamba ilikuwa risasi, na kwamba kijana hakuumia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa baba yangu kilio ndicho kilichokwenda, kikahamia kabisa.

Alimaliza safari zake ishirini na tano, akarudi nyumbani, na kuanzia 1946 hadi 1984 alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya ushirika. Oktoba 1946 msichana alishuka kwenye treni akimtafuta. Alikuwa Ardis Haugen, dada yake Merle, amekuja kuuliza ndugu yake alikufaje. Baba akamwambia risasi. Bibi Rose akamlisha mikate yake mitamu ya mbegu za popi, siku tatu alizokusudia kukaa zikawa wiki kadhaa, na tarehe 14 Juni 1947 wakafunga ndoa. Uongo ule ukaja nao nyumbani. Kila tarehe 10 Februari Mama aliwasha mshumaa na kumshukuru Mungu kwa risasi iliyokuwa ya haraka, na Baba alitoka kwenda kulisha ng'ombe waliokwisha kula.

Septemba 2003 moyo wake ulianza kushindwa. Daktari alipomwekea mpira wa oksijeni puani, alilia kama mtoto, na hatukuelewa. Jumatatu tarehe 15 Machi mwaka huu aliniomba nimwite Mama.

"Ardis, haikuwa risasi," alisema. "Merle alikosa hewa. Nilitakiwa kwenda, nikaogopa, nikachelewa."

"Ulichelewa kiasi gani?"

"Dakika nne."

Mama aliinuka akatoka. Siku nne hakumsemesha. Alimwosha, akampa dawa, akambadilishia mashuka. Baba aliutazama mlango tu. Sijawahi kuona mtu mwenye hofu kama ile, na niliiogopa. Kila nilipoingia aliniuliza, "Amesema nini?" Nami nilimjibu, "Bado, Baba." Alifariki Ijumaa tarehe 19 Machi, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mama alikuwa jikoni.

Marehemu ameacha mjane, Ardis. Watoto watatu, Dale, mimi Lorna, na Joyce. Wajukuu saba, na dada yake Blanche. Mama hawezi kusimama hapa, lakini jana aliniketisha mezani akaniambia: "Mwanangu, andika kwamba nilikuwa nimekasirika. Sikuwa nimemwacha. Asubuhi ile nilikuwa nasubiri kahawa ichemke nimpelekee, nimwambie. Na mimi nimechelewa."

Pumzika kwa amani, Baba. Amesema.