Hester Ollerenshaw, Aliyefutiwa Neno

Hester Ollerenshaw alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 mjini Wirksworth, Derbyshire, mtoto wa kwanza wa Bwana Amos Gratton, mkata mawe, na Bi. Lettice. Baada yake alizaliwa Wilfred, anayewasomea maneno haya.

Alisoma sekondari ya wasichana hadi mwaka 1954. Huko alifundishwa kwamba Kiingereza nacho kina umbo la kitenzi kwa jambo linalodaiwa au kutamaniwa tu, ambalo bado halijawa. Wenzake waliliacha mlangoni siku ya kumaliza shule. Yeye aliondoka nalo.

Mwaka 1956 aliajiriwa kupiga chapa katika machimbo ya Harkstone. Tarehe 11 Februari 1971 aliandika kumbukumbu za kikao cha usalama: wafanyakazi wanasisitiza mkanda wa kubebea mawe usimamishwe kabla ya kusafishwa. Meneja, Bwana Thackray, alifuta neno moja, 'usimamishwe', kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo lugha ya kanisani, Hester. Weka 'unasimamishwa'. Ndivyo watu wanavyosema siku hizi."

"Lakini bwana, umegeuza maana. Wao wanadai. Hapa umewafanya mashahidi."

"Kila mtu ataelewa. Piga chapa, bibie, chai yangu inapoa."

Alipiga.

Tarehe 24 Machi Clifford Wragg, mume wa shoga yake Doreen, alivutwa na mkanda uliokuwa ukizunguka alipokuwa akiusafisha, akafa. Kwenye uchunguzi wa kifo wakili wa kampuni aliisoma karatasi ile: wafanyakazi wenyewe wanasisitiza kwamba mkanda unasimamishwa. Basi kosa likawa la Clifford. Hester alisimama kueleza.

"Unataka kutuambia mtu ameuawa na kitenzi?" wakili aliuliza. Watu wakacheka.

Wilfred alikuwa mjumbe wa kikao kile. Alipoulizwa wafanyakazi walisema nini hasa, alijibu kwamba hakumbuki. Alikumbuka. Alikuwa na mke mjamzito, na nyumba aliyolala ilikuwa ya kampuni.

Wiki hiyohiyo Hester aliacha kazi, akawa mpishi wa shule mpaka alipostaafu mwaka 1998. Doreen hakumsalimu tena. Wakikutana kwa muuza nyama, Doreen aliondoka bila kununua.

Tarehe 16 Juni 1973 aliolewa na Norman Ollerenshaw, fundi wa mabasi. Norman alikuwa amemwambia, "Kama nilikuwa tajiri, ningekuoa kesho."

"Kama ningekuwa," Hester akamsahihisha. "Na kesho nina nguo za kufua. Tuseme Jumamosi."

Norman alipenda kuisimulia hiyo hadi alipofariki mwaka 2009.

Agosti 2016 Hester alipata kiharusi, na maneno mengi yakampotea. Wilfred alimtembelea kila Alhamisi. Alhamisi moja alijikaza.

"Dada, ningesema ukweli siku ile…"

"Ungesema," alijibu Hester, akageukia ukutani.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2016, akiwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ameacha binti mmoja, Rosalind, wajukuu wawili, na mdogo wake. Doreen Wragg alipelekewa taarifa ya msiba. Hakujibu.

Hester na apumzike kwa amani. Kwa ajili yake mwenyewe, Wilfred haombi kitu.